Kalunde na Hongo ya Maji Njia ya Mpanda

Haya wenzangu wa Gongoni, tangu nishuke stesheni mnaniuliza, na kila aliyekuja kunipa pole ya safari nimemsimulia kipande. Huyu kapata kichwa, yule kapata mkia, sasa nasikia mnabishana bombani kama mlikuwapo. Basi nimechukua daftari langu la kisomo, zile kurasa zilizobaki, nimeandika yote mwenyewe. Mwalimu wetu akisema herufi zangu zimelala kama ng'ombe waliochoka, mwambieni ng'ombe wamefika nyumbani, hayo mengine hayamhusu.

Habari ya tiketi siandiki. Foleni mnaijua.

Tabora mpaka Usoke

Mnajua nilikuwa nakwenda kwa Zuhura wangu. Alijifungua kifungua mimba, mtoto wa kike, ana siku kumi na moja, na mama mtu niko huku natwanga karanga. Nikasema hapana. Nikafunga michembe, nikafunga matobolwa, viazi vitamu vyetu vya kukausha, nikachukua kopo la asali, ile nyeusi ya miombo, ya kumlambisha mzazi apate nguvu. Zuhura anakaa kijiji cha ujamaa kinaitwa Nguvu Moja, njia ya Mpanda, mbele kabisa ya Kaliua. Kila mtu aliniambia mwanamke wa umri wangu asisafiri peke yake. Nikawauliza umri wangu mnaujua nyie? Mimi mwenyewe siujui.

Nafika stesheni saa moja asubuhi, namkuta Kalunde amesimama anapumua.

Nyie wageni wa mji huu, mlioletwa na kazi, labda hamumjui Kalunde. Yule ni injini ya moshi, mweusi, tumbo kubwa, magurudumu mengi. Alikuja na meli kutoka Ulaya akiwa vipande vipande, kichwa sanduku lake, miguu sanduku lake, wakamuunga hapa hapa Tabora wakati mkoloni anajenga njia ya kwenda Mpanda kufuata madini ya risasi. Wazungu walimpa namba. Sisi wauza karanga wa stesheni ndio tuliompa jina. Alikuwa akitoka asubuhi wingu jeupe linabaki juu ya miembe ya barabarani, tukasema huyu ni Kalunde, kawingu, kama tunavyowaita mabinti zetu. Reli na mataruma ya njia ya Mpanda nzima alivuta yeye. Njia anayopita aliijenga mwenyewe, kama mke aliyekandika nyumba yake.

Na marehemu mume wangu, Mungu amrehemu, ndiye aliyekuwa fayamani wake. Enzi hizo Kalunde alikula kuni. Mume wangu alikuwa anamlisha magogo kutoka hapa mpaka Mpanda, anarudi nyumbani nyusi zimeungua, nikimwandalia chakula anasema ngoja kwanza, mwenzio amekula sana leo. Nilikuwa na mke mwenza wa chuma, na sikuwahi kumwonea wivu, maana ndiye aliyetulisha na kutusomeshea watoto.

Basi dereva wa siku hizi ni Athumani, aliyefundishwa kazi na mume wangu. Akaniona, akatoa kichwa dirishani.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Mbona sura imeingia ndani?"

Akashuka akaninong'oneza. Kumbe safari hii wamepanda na mkaguzi kutoka makao makuu. Kalunde wanasema amezeeka, anachelewesha watu. Akifika Mpanda kesho saa nane mchana kama ratiba inavyosema, ataachwa aendelee. Akichelewa, mkaguzi anaandika, na Kalunde anarudi Tabora kukatwakatwa auzwe chuma chakavu.

"Na gari la Mpanda litavutwa na nini?"

"Dizeli, mama."

"Dizeli ziko wapi?"

"Zinakuja."

Sasa nyie mnajua neno hilo zinakuja. Sukari nayo inakuja. Nikamuuliza mkaguzi yuko behewa gani, akasema hajamwona, ameambiwa tu yumo. Mimi nikawaza mtu wa tumbo, suti ya Kaunda, kalamu nne mfukoni, yuko daraja la kwanza kwenye godoro. Nikaenda zangu daraja la tatu.

Kwenye kiti changu nikamkuta kijana mmoja mwembamba, shati la mikono mifupi, kapakata begi la ngozi. Rafiki yake yuko nje anamuaga: "Mbukwa." Naye akajibu: "Mbukwa."

Moyo wangu ukacheka. Mgogo. Mtani wangu huyo, nimetunukiwa asubuhi asubuhi. Babu yangu mzaa baba alikuwa mpagazi, alibeba pembe za ndovu kichwani kutoka hapa mpaka pwani na kurudi, mara nne. Na kila akipita Ugogo, nchi kavu ile, Wagogo wanawakalia kisimani, hunywi mpaka utoe hongo. Kitambaa, shanga, jembe, toa. Ndio utani wetu ulipotoka, na mtani huna ruhusa ya kumpita kimya, ni kama kumpita shangazi yako.

Nikamwambia, "Sogea, wewe Mgogo. Leo mimi ndiye niliyekukuta njiani kwangu."

Akasogea.

Gari likaondoka, Kalunde akapiga honi yake ile inayoanza chini kama fahali halafu inapanda. Yule kijana akafungua gazeti, ndani yake kuku wa kukaanga mzima. Nikanyoosha mkono nikachukua paja.

"Hili la babu yangu," nikasema. "Mlimnyang'anya karibu na Kilimatinde."

Behewa zima likacheka. Yeye akanitazama, akakunja gazeti lake polepole, akageukia dirishani. Mimi nikaona haya anayo, nikamwongezea. Nikamwambia nyinyi mvua haijawahi kuwapenda, hata mlenda wenu mnaula kwa sababu unateremka bila maji. Nikamwambia begi hilo bila shaka kuna kisima ndani ndiyo maana amekipakata. Paja nililila lote, na mfupa nikamrudishia kwenye gazeti. Mpaka Usoke sikunyamaza.

Usoke mpaka Urambo

Usoke tulikaa. Ratiba inasema dakika chache, sisi tulikaa mpaka wenye mihogo ya kuchemsha wakaishiwa. Tulikuwa tunapisha gari la mizigo kutoka Kigoma, limevutwa na dizeli, jipya, rangi inang'aa. Likapita kwa kiburi bila kutusalimia. Halafu nasikia dizeli yenyewe ilikuwa imezimika huko mbele kabla ya kutufikia, ndiyo maana tulingoja. Mnaona. Kalunde kasimamishwa kwa ajili ya ugonjwa wa mwenzake, na saa inaandikwa kwake.

Hapo nilikasirika nikawasimulia abiria habari ya siku ya Uhuru. Siku ile mkubwa wa stesheni, Mzungu aliyebaki, alitoa amri injini zisipige honi ovyo, mvuke ni mali. Mume wangu akamwitikia ndiyo bwana. Akapanda, akafunga kamba ya honi kwenye mkono wake, akamwambia dereva wake twende. Kalunde alilia kutoka stesheni mpaka daraja la kwanza la mtoni bila kupumzika, watu wakatoka misikitini na makanisani, watoto wanakimbia kandokando ya reli, mpaka mvuke ukaisha na gari likasimama lenyewe porini. Walimkata mshahara. Alirudi anacheka. Aliniambia, mama Zuhura, walitupangia tusherehekee kwa adabu, Kalunde amekataa.

Yule Mgogo nikamwona anasikiliza, ila alipoona namtazama akajifanya anasoma gazeti lenye mafuta ya kuku.

Tukafika Urambo. Harufu ya tumbaku mpaka ndani ya behewa. Nikanunua ndizi, narudi kukaa, mlango unafunguliwa, anaingia Athumani kavua kofia. Anapita watu wote. Anasimama mbele ya Mgogo wangu.

"Mheshimiwa mkaguzi, samahani. Ile breki uliyoulizia pale Usoke, waweza kuja kuiona sasa."

Wenzangu, ndizi niliirudisha kwenye ganda lake.

Kijana akasimama, akafungua begi lake, akatoa faili na kalamu. Jina limeandikwa juu ya faili kwa wino, na mimi kisomo nimeshafika mbali, nikasoma: Chidawali. Kabla hajatoka akanitazama mara moja, akaandika kitu, akafunga.

Urambo mpaka Kaliua

Kipande hiki nitakipitisha haraka maana sikuona nje. Athumani aliporudi peke yake akaniuliza nimemfanya nini mkaguzi, nikamwambia nimekula paja lake na nimemtukana ukoo mzima mpaka mvua yao. Athumani akashika kichwa.

"Mama, kijana huyo kakulia Dar es Salaam. Kasoma ng'ambo. Utani wa wapi ataujua?"

"Ni Mgogo au si Mgogo?"

"Ni Mgogo wa karatasi. Nenda ukamwombe radhi, mama. Kalunde yuko mikononi mwake."

Sasa hapo ndipo palipokuwa pagumu, na nataka mnielewe. Mtani haombwi radhi. Ukimwomba mtani radhi umemwambia kwamba yale yalikuwa matusi ya kweli, na yeye si mtani wako tena, ni mtu baki. Babu yangu alizikwa na Wagogo. Waliruka kaburini wakalala mle ndani wakakataa kutoka mpaka wapewe mbuzi, na sisi tulicheka huku machozi yanatutoka. Hiyo nikaivunje kwa sababu kijana hakufundishwa na bibi yake? Lakini upande wa pili ni Kalunde.

Nikamwambia Athumani siendi. Nikasema kama hajui utani, atajua kabla ya Mpanda. Kwa kinywa nilikuwa shujaa hivyo.

Kaliua tulifika saa kumi na moja jioni badala ya saa tisa. Tukalala hapo, gari la Mpanda huondoka alfajiri. Nilikula kambale mkavu na ugali wa udaga wa muhogo kwa mama mmoja aliyenihurumia, akanitandikia mkeka. Sikumwona Bwana Chidawali, wala sikumtafuta.

Kaliua mpaka Nguvu Moja

Nimeswali alfajiri, nimepanda, na nani kanitangulia kwenye kiti kile kile? Yeye. Kapakata begi. Nikamsalimia kwa utani mdogo, nikasema Mgogo umeamka, nani analinda kisima? Akasema, "Habari za asubuhi, bibi," kama karani wa benki. Nikajua nimekwisha.

Njia ile ni miombo tu, miti imepukutika, kiangazi kikali, nchi imekuwa rangi ya mbwa. Kalunde alikuwa anakimbia vizuri kweli. Athumani alikuwa amemkazania tangu Kaliua na tuliokoa muda, mpaka abiria mwenye saa akasema tukienda hivi saa nane tuko Mpanda. Nikaanza kumeza mate.

Saa tatu tukaanza kupunguza mwendo. Nguvu Moja hiyo. Sasa mjue kwamba Nguvu Moja si kituo. Watu walihamishwa wakawekwa pale kandokando ya reli, nyumba mistari miwili kama mataruma, lakini gari linasimama pale kwa ajili ya Kalunde tu, anywe maji kwenye tangi lenye miguu ya chuma. Abiria haruhusiwi kupanda wala kushuka. Mlango haufunguliwi. Mimi mpango wangu ulikuwa kuruka dirishani, msinicheke, nilishapima.

Athumani akauvuta ule mkonga wa tangi, kama wa tembo, akaupeleka kwenye tangi la Kalunde, akafungua. Ukatoa kikohozi na matone matatu. Pampu ya mtoni ilikuwa imekufa na tangi limekauka.

Sitawachosha na ufundi. Injini ya moshi ukimwasha bila maji, tumbo lake linapasuka linaua watu. Maji yaliyobaki hayamfikishi mto Ugalla, ambako angekunywa mpaka atosheke. Kumrudisha Kaliua hayatoshi pia. Athumani akasema itabidi azime moto, mtu apande baiskeli mpaka Kaliua akapige simu, msaada uje. Kesho hiyo. Bwana Chidawali akashuka, akatazama tangi, akatazama saa, akaandika.

Mimi nikaruka dirishani.

Nguvu Moja

Wanawake wa kijiji walishatoka kututazama. Nikawapa mwangaluka, wakaitikia, nikawauliza maji mnachota wapi. Wakanionyesha lambo, wamelichimba wenyewe kwa majembe, karibu tu, nyuma ya shamba la kijiji. Maji yapo. Nikasema leteni madebe. Hakuna aliyesogea. Wakamtazama mwenyekiti wao, Mzee Kasele, mtu mfupi, fulana ina matundu, ana heshima zake.

Mzee Kasele akasema kwa upole kabisa. Akasema lambo lile ndilo la watu na ng'ombe, mpaka mvua inyeshe. Akasema gari hili linapita hapa kila wiki, linakunywa, linaondoka, na wao linawaona kama vichuguu. Akasema juzi juzi hapa kuna mzazi mimba ilimkalia vibaya, gari limesimama pale pale mnaposimama, wakaomba apandishwe apelekwe hospitali Mpanda, wakaambiwa si kituo. Wakambeba kwa baiskeli mpaka kituo kinachofuata, siku nzima.

Nikamuuliza mzazi gani.

"Binti mmoja wa Tabora. Zuhura."

Mwanangu hakuniandikia hilo. Kwenye barua aliandika nimejifungua salama.

Nikamgeukia Bwana Chidawali, amesimama kwenye changarawe na faili lake, viatu vinang'aa, na abiria wote wametoa vichwa madirishani.

Nikasema, "Wewe Mgogo. Babu zako walikalia kisima wakamtoza babu yangu hongo. Leo kisima kipo kwa Wanyamwezi, na mwenye kiu ni wewe. Toa hongo."

Athumani nyuma yangu nikamsikia anasema mama, mama, taratibu.

Bwana Chidawali akauliza hongo gani.

"Ya kwanza anayo mwenyekiti."

Mzee Kasele akasema, "Gari likinywa maji yetu, na sisi tulipande."

"Mimi siwezi kuahidi kituo," akasema Bwana Chidawali. "Mimi naandika tu."

"Andika basi," Mzee Kasele akasema. "Tunakuona."

Akaandika pale pale wima, tukimtazama kalamu. Alipomaliza akafunga faili, akafikiri imekwisha.

Nikamwambia, "Na ya pili ni yangu. Debe la kwanza unabeba wewe. Kichwani."

"Bibi, mimi nina kazi ya faili."

"Faili halijazi tangi, mwanangu."

Kalunde peke yake anapumua. Kijana akanitazama, sikuweza kumsoma usoni hata herufi moja. Halafu akampa Athumani faili, akavua viatu, akavua soksi akazikunja ndani ya viatu, akapandisha suruali.

Ngata hana. Ndipo nikakimbia kwa Zuhura, nyumba ya nne, niliijua kwa kanga yangu iliyoanikwa. Alikuwa kwenye kizingiti, kamkumbatia mtoto, hatoki nje maana arobaini haijatimia. Nikamshika uso. Nikamtazama mtoto, ana paji la uso la babu yake aliyelisha Kalunde. Nikamwambia Zuhura nitarudi, nipe kanga. Zuhura akasema, "Mama, umefika sasa hivi." Nikasema nimefika lakini sijamaliza. Nikakunja ngata njiani nakimbia, na magoti yangu haya mnayoyajua.

Bwana Chidawali akabeba. Debe lilimlowesha nusu, shingo imekakamaa, mikono miwili juu anashikilia kama mtu anayeibiwa kofia. Mara mbili alitaka kuanguka. Wanawake wakapiga vigelegele mpaka ng'ombe wakakimbia. Nikatembea kando yake nikamwambia sasa unajua kwa nini vichwa vyetu Wanyamwezi ni bapa, vimebeba nchi hii, nyie mlikuwa mnakaa tu. Alipofika kwenye Kalunde, Athumani akampokea debe akalimwaga, tukasikia maji yanaanguka ndani ya tangi tupu, mlio mkubwa kwa maji madogo.

Baada ya hapo nani angebaki amekaa? Wanawake wote, wanaume wote, abiria wa daraja la tatu, hata padri mmoja wa kutoka Kipalapala alipandisha kanzu akabeba karai. Tukafanya mstari kutoka lambo mpaka relini, madebe yanakwenda, matupu yanarudi, nyimbo za kulima zikageuka za kuchota. Sikuhesabu madebe. Najua lambo liliteremka mpaka tukaona tope la ukingoni, na Mzee Kasele akalitazama tope lile kwa muda mrefu, halafu akapokea debe jingine.

Saa sita kupita Athumani akagonga tangi kwa nyundo, akasikiliza, akasema atafika Ugalla.

Mpaka Mpanda

Hapa ndipo mlipokuwa mnanibishia, kwamba kwa nini nilipanda tena ilhali nimeshafika kwa mwanangu. Nilipanda kwa sababu Kalunde alikuwa anakwenda kuhukumiwa, na mimi ndiye niliyemtukana hakimu. Singemwacha aende peke yake. Zuhura alinielewa, ni mtoto wa reli.

Tulivuka Ugalla, Kalunde akanywa pale mpaka akatema. Nikagawa matobolwa. Bwana Chidawali, nguo mbichi, miguu ina tope, akachukua kipande akala, akachukua cha pili. Akarudi kwenye faili, anaandika, ukurasa baada ya ukurasa. Hapo kwenye kituo cha Ugalla Athumani alinijia dirishani akaniomba mara ya mwisho: mama, neno moja tu, nisamehe, halikuui. Nikamwambia ingekuwa ni mimi ndiye ninayekatwakatwa, Kalunde angeniombea radhi? Angepiga honi. Akaenda zake anatikisa kichwa.

Mpanda tuliingia saa kumi na moja jioni. Saa tatu nzima baada ya ratiba. Watu waliotungojea wameshachoka wamelala juu ya mizigo yao. Nikashuka, nikaenda nikasimama karibu na gurudumu la mbele la Kalunde, lina joto, nikaweka mkono. Kama ni msiba, tuusikie tukiwa pamoja.

Bwana Chidawali akaja na faili limefunguliwa. Athumani kasimama kama mwanafunzi.

Akasoma kwa sauti. Akasoma kwamba gari limechelewa Usoke kwa kungoja dizeli iliyoharibika. Akasoma kwamba limechelewa Nguvu Moja kwa ubovu wa pampu. Halafu akasoma polepole, mpaka leo nalijua kwa moyo: "Injini yenyewe ni nzima. Kilichozeeka ni pampu." Na chini yake, kwamba Nguvu Moja pafanywe kituo, kwani watu wake wameshalilipa gari hili kwa maji.

Athumani akageuka akajifanya anakagua ringi ya gurudumu.

Bwana Chidawali akafunga faili. Akaingia ndani ya behewa akatoka na kopo langu la asali, lile la Zuhura, ambalo kwa haraka nililisahau chini ya kiti. Akalitia kwenye begi lake la ngozi, akafunga begi.

"Hiyo ni ya mzazi," nikasema.

"Ilikuwa," akasema. "Bibi yangu wa Mpwapwa alinilea mpaka nikaanza shule. Aliniambia Mnyamwezi akikutukana, nyamaza. Usimjibu mpaka atoke jasho, ndipo umnyang'anye mzigo. Wapagazi bila mzigo hawajui wafanye nini na mikono."

Siku mbili nzima, jamani. Siku mbili kijana ananitazama najikaanga kwa mafuta yangu mwenyewe. Nilicheka mpaka nikashikilia gurudumu la Kalunde, likaniunguza kiganja, alama hii hapa, njooni muione.

Kurudi

Nilirudi Nguvu Moja kesho yake kwa Kalunde huyo huyo, nikamlea Zuhura mpaka arobaini ikatimia. Asali alilamba ya jirani. Mafundi walikuja kwa kiberenge wakatengeneza pampu, na lambo likabaki na tope lake likingoja mvua.

Siku ya kurudi Tabora nikasimama kandokando ya reli na furushi langu. Kibao kilikuwa kimeshakuja, kipya, rangi nyeupe, kimeandikwa NGUVU MOJA, nikakisoma bila kusaidiwa. Kalunde akaingia, akasimama, na mlango ukafunguliwa. Wa kwanza kupanda alikuwa mzee wa kijiji anakwenda kutibiwa macho. Alipanda polepole, anapapasa kila ngazi, na hakuna aliyemharakisha.

Athumani akanishushia kopo. Kopo langu lile la asali, limeoshwa, tupu, na karatasi ndani. Akataka kunisomea, nikamwambia kaa mbali. Nikasoma mwenyewe, herufi moja moja, Kalunde ananingoja:

"Bibi mpagazi. Kalunde wameamua aendelee mpaka dizeli zije, na dizeli bado ziko baharini. Asali imeisha. Hongo ya pili: lijaze kopo hili ulirudishe."

Athumani akaniambia haya mama, panda, tutachelewa.

Nikamwambia nisubiri. Nikashuka mpaka kwenye lambo, gari zima linanitazama, nikalijaza kopo maji yale ya tope mpaka juu, nikafunga kifuniko kwa nguvu. Nikarudi nikampa Athumani mkononi. Nikamwambia mpelekee Mgogo wangu makao makuu, na umwambie ayabebe kichwani.